Uliza Ujibiwe: Mto Taiya, dhahabu yenyewe ilikuwa wapi?

Toleo lililopita tuliweka picha ya mwaka 1898, mstari mrefu wa watu kwenye mteremko wa theluji, kila mmoja na furushi mgongoni, wanapanda Chilkoot Pass kule Alaska. Chini yake tukaandika sentensi mbili tu, kwamba njia ya hao watu ilikuwa inafuata mto Taiya na kwamba walikuwa wanakimbilia dhahabu. Basi, sentensi mbili hizo zimetuletea maswali mengi kuliko ukurasa mzima wa mapishi, kwa hiyo safu ya mwezi huu yote tumeupa huo mto. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha, msinune.

Mhariri habari za kazi. Mimi nipo Geita, ni mchimbaji mdogo, naosha mchanga. Nimeona hiyo picha nikasema hii ni rashi kabisa, watu wanakimbilia machimbo mapya. Sasa naomba kujua huo mto Taiya ulikuwa unatoa kiasi gani, na kama dhahabu ilikuwepo mbona sa hivi hamna mtu? Imeisha?

Salama ndugu yangu. Haijaisha kwa sababu haikuwepo, na hapo ndo wengi mnapochanganya, na kosa ni la picha yenyewe, maana ukiona watu wengi hivo mtoni unajua tu wamefuata mchanga. Hapana. Taiya ulikuwa njia. Dhahabu yenyewe ilikuwa ng'ambo ya milima, tena upande wa Kanada, kwenye vijito vinavyoingia mto Klondike karibu na mahali palipokuja kuitwa Dawson. Iligunduliwa tarehe 16 Agosti 1896 kwenye kijito walichokuja kukiita Bonanza, na waliokuwepo siku hiyo walikuwa wenyeji wa kule, Keish ambaye wazungu walimwita Skookum Jim na mpwa wake Káa Goox, pamoja na Mmarekani George Carmack, shemeji yake Keish. Dunia ilikaa karibu mwaka mzima haina habari. Mwezi Julai 1897 ndo meli Portland ikatia nanga Seattle ina zaidi ya tani moja ya dhahabu, magazeti yakalipuka, watu wakaacha kazi, makarani, walimu, mpaka meya wa Seattle mwenyewe akaaga.

Sasa ukitoka Seattle ilibidi upande meli mpaka ndani kabisa ya mkono mwembamba wa bahari unaoitwa Taiya Inlet, unashuka kijiji cha Dyea kwenye mdomo wa mto, afu kuanzia hapo ni miguu. Unafuata bonde la Taiya mpaka juu ya mlima, unavuka mpaka, unashuka mpaka ziwa Bennett, jumla kilomita 53. Ukifika ziwani hujafika, bado. Hapo unakata miti unapasua mbao unaunda mashua yako mwenyewe, unasubiri barafu ivunjike, ndo unaanza safari ya maji ya kama kilomita 900 mpaka Dawson. Kwa hiyo ukiniuliza Taiya ulikuwa nini kwenye hiyo rashi nitakwambia ulikuwa kama asilimia tatu tu ya njia, ila ndo asilimia iliyowavunja watu mgongo.

Kwa nini Klondike kuwe na dhahabu na Taiya kusiwe nayo, hili swali zuri na wewe unayeosha mchanga utalielewa haraka kuliko mimi. Unajua mwenyewe kwenye karai dhahabu inakaa chini kwa sababu ni nzito, ni zaidi ya mara saba ya uzito wa mchanga wa kawaida. Mtoni ni hivohivo, miaka inaenda, mwamba unamomonyoka, maji yanachukua chepesi yanaacha kizito, kidogo kidogo dhahabu inajikusanya chini ya changarawe, ila inataka pasivurugwe kwa muda mrefu sana. Eneo kubwa la Klondike halikufunikwa na barafu zile enzi za barafu kuu, kulikuwa kukavu mno, theluji haikutosha kuunda barafu nene, kwa hiyo changarawe zake zilitulia palepale. Bonde la Taiya barafu lilipita lote, likachonga mwamba, likasukuma kila kitu baharini. Na mwamba wenyewe wa pale sehemu kubwa ni itale ya kawaida, haina cha maana.

Usije ukasema basi kila mto wa barafu hauna kitu, hapana. Huko huko Alaska mji wa Juneau ulianza 1880 kwa sababu ya dhahabu ya kijito cha bonde lililochongwa na barafu, na aliyewaonyesha njia watafutaji alikuwa chifu wa Watlingit, wenyeji wa pwani ile, aliyeitwa Kowee. Inategemea mwamba wa juu una nini.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, Moshi. Nimesoma kwamba huo mto Taiya una urefu wa kilomita 27 tu. Huo kwetu ni mfereji. Unawezaje kuwa na nguvu ya kutisha watu wazima? Halafu je, mito yetu ya Kilimanjaro nayo si ya barafu?

Mwalimu, kilomita 27 ni kweli, ni mfupi, lakini angalia unaanzia wapi. Mlima wa pale mpakani njia inapovukia ni kama mita 1,070, na vilele vya pembeni vinapita hapo kwa mbali, na vyote vimebeba barafuto, yale mabarafu mazito ya mlimani yasiyokwisha mwaka mzima yanayojisukuma polepole kushuka bondeni. Taiya wenyewe haujitoshelezi, unalishwa na mito mingine miwili mikubwa kutoka upande wa magharibi, Nourse na West Creek, yote inatoka kwenye barafu. Kwa hiyo mvua isinyeshe hata tone, jua tu likiwaka vizuri mto unajaa. Asubuhi unavuka maji ya magoti, jioni unarudi palepale unakuta kiuno, maana barafu limeyeyuka mchana kutwa na maji yanachukua masaa kufika chini. Wale wa 1897 wasiojua hilo walikuwa wanapiga kambi mchangani pembeni ya maji, usiku wanaamka blanketi linaelea.

Rangi yake sasa, wakati wa kiangazi ni ya kijivu, imekaa kama maji yaliyooshewa mchele. Si uchafu. Ni unga wa mawe, barafu linasaga mwamba linapotembea, unga ule ni laini kiasi kwamba hautui, unabaki unaning'inia majini. Baridi ikiingia barafu haliyeyuki, mto unapungua unakuwa mwembamba, maji yanakuwa maangavu unaona mpaka kokoto. Ndo maana wengi walipendelea kusafirisha mizigo wakati wa baridi, mto ukiganda unakuwa barabara, unavuta kitoroli cha theluji juu yake badala ya kupanda na kushuka majabali ya pembeni.

Lakini kinachotisha hasa ni yale maziwa. Barafuto likirudi nyuma linaacha ziwa lililozuiwa na lundo la mawe na udongo, au maji yanajikusanya ndani ya barafu lenyewe, afu siku moja kizuizi kinaachia. Septemba 1897 ilitokea, maji yakashuka ghafla yakapita katikati ya Sheep Camp, kambi kubwa ya mahema kilomita 21 kutoka Dyea, yakazoa mahema na mizigo ya watu na kuna aliyepoteza maisha. Mwezi Julai 2002 ikatokea tena upande wa West Creek, ukingo wa lile lundo la mawe uliporomoka ukaanguka ziwani, ziwa likafurika, mafuriko yakateremka mpaka Dyea, wakazi wachache wa pale wakahamishwa. Mto wa kilomita 27 hauna nafasi ya kupunguza kasi njiani, kinachoanguka juu kinafika chini kikiwa na hasira zote.

Kuhusu Kilimanjaro, wengi tunaamini mito inatoka kwenye ile barafu ya Kibo, ila waliopima wanasema mchango wa barafu ni mdogo sana, maji ya Moshi yanatokana zaidi na mvua ya msituni inayozama ardhini na kuibuka chemchemi. Ukitaka mto wa Afrika Mashariki wenye uhusiano wa kweli na barafu angalia Mubuku, Rwenzori, upande wa Uganda, na hata huo barafu zake zinaisha tunaziona.

Shikamoo mhariri. Mimi ni mzee wa Chunya, baba yangu alichimba Lupa enzi za Mwingereza, akafa maskini. Alikuwa akisema dhahabu inamtajirisha anayeuza sufuria. Naomba kujua na huko kwa wazungu ilikuwa hivyo? Na nani alikuwa anabeba hiyo mizigo?

Marahaba nimeikataa mzee wangu, shikamoo wewe. Pole kwa habari za mzee wetu. Ilikuwa hivyohivyo, tena zaidi. Inakadiriwa watu 100,000 waliondoka makwao kuelekea Klondike, waliofika ni kati ya 30,000 na 40,000, na waliopata dhahabu ni kama 4,000 tu. Na walipofika Dawson katikati ya 1898 karibu vijito vyote vyenye kitu vilikuwa vimeshakatwa viwanja na waliokuwa kule kule tangu 1896. Yaani mtu ameteseka mwaka mzima kuja kuajiriwa kibarua kwenye kiwanja cha mwenzake, kuchoma moto usiku kucha ili udongo ulioganda uyeyuke kesho achimbe sentimita chache.

Kwenye kubeba sasa. Wenyeji wa bonde lile ni Watlingit, na njia ya Taiya ilikuwa yao miaka na miaka kabla ya mzungu yeyote, walikuwa wanapandisha mafuta ya samaki kwenda bara na kurudi na ngozi, na mpaka miaka ya 1880 mgeni hapiti bila ridhaa yao. Rashi ilipokuja wakawa wapagazi, na walijua kuuza nguvu zao. Bei inapanda wateja wakizidi, ukileta ubishi mzigo wako unawekwa chini hapohapo anabebewa mwenye kulipa vizuri. Jumapili wengi wao hawabebi kabisa, walikuwa Wapresbiteri wa kweli, mzungu analia na mwenyeji yuko kanisani. Furushi la kilo 45 lilikuwa la kawaida. Kwa kulinganisha tu, wale wagumu wetu wa Kilimanjaro kanuni inasema mwisho kilo 20. Na yule Keish niliyemtaja kwenye swali la kwanza, miaka kama kumi kabla ya kugundua dhahabu alikuwa mpagazi njia hii hii ya Chilkoot, alibeba nyama ya nguruwe kilo 71 kwa mpigo mmoja akavuka nayo mlima. Kiwanja cha ugunduzi hata hivyo kiliandikishwa kwa jina la Carmack. Mzee wangu hapo sina la kuongeza, unaelewa mwenyewe.

Asiye na hela ya mpagazi alijibebea, na mzigo ulikuwa si wa mchezo maana polisi wa Kanada waliweka kituo juu mlimani wakasema hakuna kuingia bila chakula cha mwaka mzima, kwa sababu Dawson kulikuwa kumeshanusa njaa. Ukijumlisha chakula, hema, shoka, misumeno na misumari ni kama tani nzima. Tani moja, mgongo mmoja. Unabeba kilo zako unapeleka kilomita kadhaa unaficha chini ya mti, unarudi, unachukua nyingine, safari 30 au 40 kwa kila kipande cha njia, kuna waliomaliza miezi mitatu kutembea kilomita 53. Pale mwisho kabisa kwenye mteremko wa picha yetu walichonga ngazi kama 1,500 kwenye barafu, na ukitoka kwenye mstari kupumzika kurudi kwako ni kazi kubwa, wenzako hawakupishi.

Na wa sufuria walikuwepo. Nampenda Belinda Mulrooney, dada mmoja mwenye asili ya Ireland, alipita njia hii 1897 na mzigo ambao wanaume waliucheka, majora ya vitambaa na zile chupa za mpira za maji ya moto za kulalia. Akauza vyote Dawson kwa faida ya ajabu, akafungua mgahawa, akajenga nyumba na kuuza, akaishia kumiliki moja ya hoteli kubwa mjini. Na kwenye ziwa Bennett kulikuwa na Mjerumani anapika na kulaza wageni, Friedrich Trump, babu yake Donald Trump. Hakuchimba hata koleo moja.

Nauliza tu, dada wa Kisauni, Mombasa. Nasikia Dyea, pale njia ya Taiya ilipoanzia, ilikuwa mji wa maelfu ya watu. Nimeutafuta kwenye ramani naona majani matupu. Mji mzima unapotelea wapi jamani?

Dada yangu, ulipotea kwa njia nne na bahari ni mojawapo, wewe wa Kisauni utacheka. Pale Dyea maji yakipwa yanapwa kweli, inabaki tope na mchanga mrefu ajabu, meli kubwa hazisogei. Mizigo ilishushwa kwa mashua ndogo ikatupwa hapo pwani, magunia ya unga, sukari, farasi wanasukumwa waogelee, afu kila mtu anakimbizana kuokoa chake maana maji yakianza kujaa hayamsubiri anayetafuta jina lake kwenye gunia. Walikuja kujenga gati refu baadaye lakini wamechelewa, kilomita chache tu pembeni jirani yao Skagway ana kina kizuri meli inagusa gati. Majira ya baridi ya 1897 kuingia 1898 Dyea ilikuwa na watu kati ya 5,000 na 8,000, mahoteli, mabaa, mawakili, kila kitu. Mei 1898 reli ikaanza kujengwa, ikaanzia Skagway. Mwaka uliofuata ikafika ziwa Bennett. Nani atapanda ngazi 1,500 wakati kuna treni? Kufikia 1903 waliobaki Dyea wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Majumba yakabomolewa, mbao zikauzwa, wengine wakalima mboga juu ya mitaa. Afu mto ukaingia kazini. Taiya unahamahama, leo umelala huku miaka kumi ijayo umekula kule, na sehemu kubwa ya viwanja vilivyouzwa kwa bei ya kuruka sasa hivi ni njia ya maji. Mpaka makaburi mengine ilibidi yahamishwe kwa sababu kingo zilikuwa zinamegwa. Na cha nne hiki ndo kilinishangaza zaidi, ardhi yenyewe inapanda. Barafu nene lililokuwa limeikalia kwa muda mrefu limepungua, ardhi imepunguziwa uzito inainuka, karibu sentimita 2 kila mwaka. Kwa hiyo zile nguzo za gati zilizobaki, mistari ya visiki vilivyooza, utazikuta zimesimama kwenye majani mbali kabisa na bahari. Kinachoonekana bado cha jengo ni ukuta mmoja wa mbele wa ofisi ya dalali wa viwanja, umeegeshwa miti usianguke. Ofisi ya dalali, ndo iliyobaki! Sisemi kitu.

Ni kweli kuna siku moja walikufa wengi pale? Msomaji, Bukavu.

Kweli. Jumapili ya Matawi, tarehe 3 Aprili 1898. Theluji ilikuwa imeanguka nyingi mfululizo, afu hali ya hewa ikageuka joto kidogo, wapagazi wa Kitlingit na wazoefu wengine wakakataa kupanda wakasema mlima haujatulia. Watu wakaenda. Theluji ikaporomoka mara kadhaa asubuhi ile kwenye njia ya kupanda kutoka Sheep Camp, na lile poromoko kubwa likawafukia waliokuwa wanakimbia kurudi chini, miongoni mwao kundi la vibarua wa kampuni iliyokuwa inajenga waya wa kubebea mizigo. Waliokufa ni zaidi ya 60. Maiti zilishushwa Dyea kwa vitoroli, na makaburini pale hadi leo unatembea kati ya mbao za makaburi, majina tofauti, miji tofauti, tarehe ni moja. Idadi kamili wanabishana mpaka leo kwa sababu wengi walikuwa hawajulikani hata na mwenye hema la jirani.

Tupo Tacoma, karibu na Seattle, mimi na mume wangu tunataka kuwapeleka watoto kiangazi kijacho. Panafikika? Na tunaweza kuokota kitu cha kumbukumbu?

Panafikika vizuri dada. Mnakwenda mpaka Skagway, wengi wanakwenda kwa meli za watalii kama walivyokwenda wale ila nyie mtakuwa na vitanda, na kutoka Skagway mpaka Dyea ni barabara ya kama kilomita 14 inayojipindapinda pembeni ya bahari, nyembamba, dereva asiwe mwenye haraka. Eneo lote ni hifadhi ya taifa tangu 1976. Kutembea Dyea yenyewe, makaburi, ule ukuta na zile nguzo, ni nusu siku inatosha na watoto wadogo wanaweza. Kuna watu pia wanashuka kipande cha chini cha mto kwa boti za mpira na kiongozi, huko kumetulia.

Njia nzima ya Chilkoot ni habari nyingine, ni siku tatu mpaka tano na mnahitaji kibali, idadi ya watu kwa siku ina kikomo. Na mafuriko ya 2022 yaliharibu madaraja na vipande vya njia upande wa Marekani, kwa hiyo kabla hamjakata tiketi pigeni simu ofisi ya hifadhi Skagway waulizeni kipi kiko wazi. Mkibahatika kupanda mpaka Canyon City, kambi ya zamani kwenye njia hiyo, kuna boila kubwa la chuma lililokuwa linaendesha waya wa mizigo, limekaa msituni limeota kutu, miti imekua imelizunguka, na ukiliona ndo unajiuliza lile dude walilipandishaje.

Dubu wapo, hasa samaki aina ya salmoni wakianza kupanda mto, kwa hiyo watoto wasikimbilie mbele na chakula kisiachwe kwenye begi wazi. Kwenye maji msiingie hata kama yanaonekana ya magoti, ni barafu ile imeyeyuka asubuhi. Kuhusu kuokota, hamruhusiwi hata msumari mmoja, ni kosa la kisheria, viatu vilivyooza na makopo mnayoyaona njiani yote yanahesabika kama makumbusho. Pigeni picha, na kama hamtojali tutumieni moja ya ile boila.